Bango la Ndani ya Kabati

Gari langu la kwanza lilitoka Japani, kama magari mengi ya Nairobi, likiwa limeshatumika na lina redio iliyonisalimia kwa Kijapani kila nilipowasha injini. Nililinunua nilipohamishiwa ofisi yetu ya Upper Hill, ambako kazi yangu ni kusoma madai ya bima tangu asubuhi hadi jioni. Sikuwa nimelizoea bado nilipopata pancha Parklands, karibu kabisa na nyumbani. Niliinua zulia la buti kutafuta tairi ya akiba, na chini ya tairi hiyo nikakuta karatasi imekunjwa. Nilidhani ni maelezo ya jeki. Nikaikunjua juu ya boneti.

Lilikuwa bango la filamu. Mwanamke mwenye koti jeusi la ngozi alikuwa amesimama miguu ameitanua, mnyororo wa pikipiki umezungushwa kwenye ngumi yake, na nyuma yake kulikuwa na moto wa rangi ya chungwa na wanaume watatu wanaoanguka. Herufi nyekundu zilishuka kutoka juu hadi chini. Sikuweza kusoma hata moja. Mwanamume aliyekuwa amesimama kunisaidia na tairi aliliangalia bango, akaniangalia mimi.

"Huyo ni nani, madam?"

"Sijui."

"Anakaa kama mtu amechokeshwa sana."

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na mume mwema, kazi ya kudumu, nyumba ya kupanga yenye maji karibu kila siku, na kiti changu kanisani ambacho watu walikuwa wameanza kukiona kama changu. Sikuwa na sababu ya kuchoka. Hata hivyo yule mwanamke wa mnyororo alinitazama kana kwamba ananijua, na kesho yake nilianza kumtafuta.

Nilijifunza polepole. Zamani huko Japani kulikuwa na kampuni zilizotengeneza filamu za haraka kwa fedha kidogo: wanawake waliotoroka jela, magenge ya wasichana wa shule, kisasi, pikipiki, damu nyingi kupita kiasi. Filamu yenyewe ilikaa kwenye sinema za mitaani kwa muda mfupi, halafu ikaja nyingine. Mabango yalibanduliwa ukutani na kutupwa, au jipya likabandikwa juu ya la zamani. Yaliyobaki ni yale yaliyopona kwa bahati, kwa mfano kwa kufichwa na mtu chini ya kitanda au, kama langu, chini ya tairi. Kwa hiyo ni adimu, na watu duniani kote wanayawinda. Sikujua kwamba nami nilikuwa nimeshaingia kwenye kundi hilo.

Nikampata wakala Osaka ambaye hununua kwenye minada ya mtandaoni kwa niaba ya watu wa nje. Nikajua saizi ya kawaida, ndefu kiasi cha mkono mzima na upana wa kifua. Nikanunua kioo cha kukuzia, maana bango halisi ukilitazama kwa karibu utaona vitone vya wino vimejipanga kama maua madogo, na la bandia utaona ukungu tu. Nikajua harufu. Karatasi ya zamani ya Kijapani inanuka kama kabati la bibi, vumbi na kitu kitamu kidogo. Kila mrija wa karatasi ngumu ulipofika posta nilitoka ofisini bila kuaga.

Ndani ya mwaka mmoja ukuta wa korido yetu ulijaa. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu, na aliyavumilia hadi siku wachungaji walipokuja kuiombea nyumba yetu. Tulifunika ukuta mzima kwa mashuka ya kitanda. Mmoja wao aliuliza kama tunapaka rangi. Mume wangu akajibu, "Ndiyo," akaenda jikoni kucheka peke yake.

Jioni hiyo aliniuliza, bila hasira, "Unatafuta nini hasa?"

"Natafuta mazuri."

"Lakini ukiyapata huyaangalii. Unayatundika, halafu unarudi kwenye simu."

Alisema kweli. Nilikuwa situlii. Mkutanoni niliweka simu kwenye mapaja nikifuatilia mnada wa Osaka. Foleni ikisimama Uhuru Highway nilifungua picha moja baada ya nyingine. Bango likinipita, nilikasirika siku mbili. Likija, furaha haikufika hata wikendi. Nilipoendesha gari kwenda kazini nilikuwa nahisi kama mtu aliyeacha kitu kwenye moto nyumbani na hakumbuki ni nini.

Halafu wezi wakaniibia kioo cha pembeni cha gari. Asubuhi tu, gari limeegeshwa mbele ya benki. Nilikwenda Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, ambako maduka ya spea yamepangana na kila fundi anakuita kama mnafahamiana. Niliingia duka moja la zamani lenye kaunta ya mbao. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, miwani imesukumwa kwenye paji la uso. Alipokwenda nyuma kukitafuta kioo nilitoa simu, na aliporudi akaona picha niliyokuwa naitazama.

"Hii ni nini?"

"Bango la filamu. La Japani. Nakusanya."

Aliivuta miwani ikashuka machoni. Nilijiandaa kuaibika. Badala yake akatikisa kichwa taratibu.

"Babangu alikuwa anaenda huko kununua spea. Siku zile hakuna mtandao, ulikuwa unaenda mwenyewe, unakaa mwezi. Alirudi na moja kama hii. Bado iko kwa mama."

Niliinamia kaunta. "Iko wapi?"

"Parklands. Lakini usisumbuke. Hatakuuzia. Mimi nimemwambia aitoe tangu nioe, amekataa." Akaniwekea kioo juu ya kaunta. "Unajua kuifunga ama nikuitie fundi?"

Niliomba namba ya mama yake. Alifikiri kidogo, akasema atamuuliza kwanza, na nikasimama pale pale mpaka akampigia.

Nyumba ilikuwa moja ya zile za zamani za Parklands, ya ghorofa moja, na veranda yenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa. Pande zote mbili zilishajengwa maghorofa, kwa hiyo ua wake ulikuwa kivulini mchana kutwa. Alinifungulia mwenyewe: mama mfupi, mnyoofu, sari ya pamba, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja mrefu.

"Shikamoo, anti," nikamwambia, kwa kuwa sikujua nianze vipi.

"Hiyo ni ya Mombasa," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa River Road. Toa viatu, ingia."

Siku ya kwanza hakunionyesha kitu. Alinipa chai iliyochemshwa na tangawizi na akanihoji: mume, watoto, kwetu ni wapi. Nilipomwambia Machakos alisema baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko alipokuwa mdogo, na tukabishana kuhusu mahali duka lilipokuwa. Nilijibu huku macho yangu yakizunguka kuta. Picha za harusi, kalenda ya hekalu, saa. Hakuna bango.

"Unatafuta yeye," alisema aliponisindikiza mlangoni. "Rudi Jumamosi."

Nilirudi Jumamosi kabla ya wakati na nikalazimika kuzunguka mtaa na gari mara kadhaa. Safari hii alinipeleka moja kwa moja chumbani. Kulikuwa na kabati la mbao ya mvule, zito, la milango miwili. Akaufungua mlango wa kushoto hadi mwisho.

Bango lilikuwa limebandikwa upande wa ndani wa mlango. Mwanamke amekaa kinyumenyume juu ya pikipiki, mgongo umeegemea taa, mguu mmoja juu ya tangi, na anakula tunda. Nyuma yake bandari usiku. Alikuwa na alama ya kisu begani, na hakuwa amevaa vya kutosha. Anga lilikuwa la zambarau ambayo sijaiona kwenye karatasi nyingine yoyote. Nililijua bango hilo. Wakusanyaji walikuwa wakilijadili kwenye mtandao kwa miaka, wengi wakiwa wameliona tu katika picha moja mbaya. Na hapa lilikuwa, zima, kati ya sari na harufu ya dawa ya wadudu wa nguo, rangi zake mbichi kwa sababu halikuwahi kuona jua.

Kasoro ilikuwa moja. Chini, pembeni, mtu alikuwa amechora kwa kalamu ya bluu mistari iliyovurugika. Nilihuzunika kuiona.

"Alibandika mwaka tulioana," mama alisema. "Ametoka Japani, mimi nimemngoja mwezi mzima kwa mama mkwe. Nikafungua kabati kupanga mashati yake, namwona huyu. Unajua nilifanya nini?"

"Ulilia?"

"Nilimrushia kiatu. Yeye, si huyu." Akacheka bila sauti. "Akasema atatoa. Nikamwambia wewe usiguse. Wacha akae hapo. Kila asubuhi ukifungua kutafuta shati, ujue mimi nimemwona. Basi amekaa. Mwaka wa kwanza nilimchukia. Baadaye nikawa nikimkasirikia bwana, nakuja hapa, nafungua mlango, namwambia huyu. Nani mwingine ningemwambia? Nyumba ilikuwa imejaa watu wa upande wake."

Nilimwomba aniuzie. Alikataa hata kabla sijamaliza sentensi. Nikasema nitalitunza vizuri. Akasema ametunzwa vizuri. Kisha akafunga kabati.

Tangu hapo nilikwenda karibu kila Jumamosi. Mume wangu alidhani mwanzoni kwamba nakwenda kumshawishi, nami nilidhani hivyo hivyo. Nilibeba maembe, nilibeba mkate wa ndizi niliooka mwenyewe. Tulikunywa chai verandani, na mimi nilikuwa nikivumilia mazungumzo kama mtu anayengoja kuitwa na daktari, mpaka aseme, "Haya, twende ukamwone." Kisha polepole kitu kikabadilika bila mimi kukiona. Alikuwa akinisimulia habari za mumewe aliyeimba akikokotoa bei, na za sinema za jiji walikokwenda Jumapili familia nzima, na mara nyingine jua lilikuwa linazama tukiwa hatujafungua kabati kabisa. Lakini nikifika kwangu, nikifunga mlango, wasiwasi ulirudi pale pale. Nilijilaza nikiona anga la zambarau. Nilifikiria moto. Nilifikiria mchwa. Nilifikiria kwamba yeye ni mzee, halafu nikajichukia kwa kufikiria hivyo, halafu nikafikiria tena.

Kisha nyumba yake ya Parklands iliuzwa. Mtoto wake alikuwa amemsihi muda mrefu, maghorofa yalikuwa yamemziba, na maji ya mtaa yakipungua yeye ndiye wa kwanza kukosa. Walimhamishia Kitisuru kwa mwanawe, kwenye nyumba kubwa yenye miti mirefu na ukimya mwingi. Aliondoka na vitu vichache. Kabati lilikuwa mojawapo.

Kwa majuma mengi hakupokea simu yangu. Kisha siku moja ya kazi, saa nne hivi asubuhi, nikiwa naandika barua kwa mtu aliyedai gari lake limeliwa na mafuriko, alinipigia mwenyewe.

"Beta, uko wapi?"

Beta kwa lugha yao maana yake ni mwanangu. Alikuwa akiniita hivyo tangu siku za mkate wa ndizi.

"Niko kazini, anti."

"Kuja sasa. Wanataka kumpaka rangi nyeupe."

Nilimwambia bosi wangu kuna jambo la familia. Nilishuka Upper Hill kama mtu anayefukuzwa, nikapita Westlands, nikapanda kuelekea Kitisuru, na kila taa nyekundu niliipigia kelele ndani ya gari langu madirisha yamefungwa.

Verandani mafundi wawili walikuwa wakipiga msasa meza na viti. Kumbe mke wa mwanawe alikuwa anabadilisha samani zote za zamani ziwe nyeupe zilingane na nyumba. Nilionyeshwa chumba cha mama. Kabati lilikuwa limevutwa katikati ya chumba, mlango wa kushoto uko wazi, na yeye amekaa kwenye kiti mbele yake, mgongo ameuegemeza kwenye bango, mkoba mapajani, kama abiria anayengoja gari. Mtoto wake, yule wa duka la spea, alikuwa amesimama dirishani na simu mkononi. Inaonekana naye alikuwa ameitwa kutoka mjini.

"Mama, kabati linabaki lako," alikuwa akisema. "Tunapaka tu. Na ndani tunatoa hiyo kitu. Watoto wanaingia hapa, wanaona."

"Wewe umezaliwa ukimwona," mama akajibu. "Umekufa?"

Aliponiona alinionyesha mlango kwa kidole gumba. "Huyu anajua makaratasi. Beta, mtoe bila kumchana, uende na yeye."

Kwa hivyo lilikuwa langu. Maneno yale niliyoyangoja miezi yote yalitoka hivyo tu. Alipoinuka kwenye kiti nilisogea, nikatoa mkobani kisu chembamba nilichozoea kutumia kubandulia gundi ya karatasi. Nilianza kwenye kona ya juu. Kona ikagoma. Nikasukuma kidogo, na uzi mwembamba wa zambarau ukabanduka na kubaki kwenye ncha ya kisu, na chini yake ikaonekana mbao.

"Acha!" mama alisema.

Niliacha. Nilinusa kona ile. "Alitumia gundi gani?"

Mtoto wake alisogea, akagusa kwa ukucha, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ile ya kubandika raba za milango ya gari. Babangu alibandika kila kitu na hiyo. Hata soli za viatu vyangu vya shule. Hii haitoki, dada. Hii itatoka na mbao."

Nje msasa ulikuwa ukisugua, ukisugua. Nilihisi hamu ya kuendelea na kisu hata hivyo, kuokoa uso tu, kuokoa anga tu, chochote. Nikakiweka kisu chini.

"Basi toa mlango," mama alisema.

"Mlango gani?"

"Huu. Kabati mpake nyeupe, mpake kijani, sijali. Mlango unaenda."

Mtoto wake aliniangalia kama anayetaka mtu mwingine acheke kwanza. Kisha akatoka, akarudi na bisibisi kutoka kwenye buti la gari lake, akakunja mikono ya shati. Skrubu zilikuwa na kutu. Alizitia mafuta, akangoja, akazishika kwa subira ambayo sikuitarajia kwake, akiongea nazo kwa Kigujarati. Nilishikilia mlango usianguke. Alipofika bawaba ya chini alilazimika kulala ubavu sakafuni, na uso wake ukawa karibu na ile michoro ya bluu. Akaiweka bisibisi chini.

"Mama. Hii ni mimi nilichora?"

"Nani mwingine?"

"Ni lori." Aliipitishia kidole. "Hii ni tairi. Hii ni tairi. Nilikuwa nataka kumpatia lori, pikipiki ni ndogo." Alibaki amelala pale. "Mzee hakunipiga?"

"Alitaka kukupiga. Nikamwambia ukimpiga, huyu anatoka leo."

Alipiga picha ya lori lake kwa simu, karibu, kisha kwa mbali, kisha akaendelea na skrubu. Mimi niliyekuwa nimeihesabu michoro ile kama uharibifu, sasa nilikuwa naitazama nikiona magurudumu wazi kabisa, na sikuelewa nilikuwa nimekosaje kuyaona.

Tuliubeba mlango pamoja hadi garini. Tulilaza viti vya nyuma, tukaufunika kwa blanketi, na bado ulitokeza nje ya buti, kwa hiyo akaufunga kwa kamba na kitambaa chekundu. Mama alisimama kizingitini. Nilipojaribu kumshukuru alinikatiza.

"Mimi sijakuuzia. Hata sijakupa. Anakaa kwako. Nikitaka kumwona nakuja."

Nilidhani nitafika nyumbani nitulie. Nilikuwa na kitu ambacho wakusanyaji wa nchi tatu wangesafiri kukiona. Niliuegemeza mlango kwenye ukuta wa sebule, nikakaa kuutazama, nikainuka. Nikauhamishia upande wa pili. Nikahangaika kuhusu unyevu, nikahangaika kuhusu ile kona niliyoijeruhi. Niliwaandikia watu wa mtandaoni kwamba ninalo, kisha nikafuta kabla ya kutuma, maana sikuwa nalo, lilikuwa linakaa kwangu. Mume wangu alikata vipande vya zulia akaviweka chini ya mlango usiteleze. Alipomaliza alisimama akalitazama bango kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama mengine yote.

"Anakula nini huyu?" aliuliza.

"Watu wanabishana. Wengine wanasema pichi."

"Ni nyanya," alisema, akaenda kusahihisha madaftari.

Mama alikuja baada ya wiki chache, akaletwa na dereva wa mwanawe. Alipanda ngazi zetu akipumzika kila mzunguko. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mlango, akaukagua juu hadi chini.

"Umemweka kwenye jua."

"Ni la jioni tu, anti, linapita haraka."

"Mtoe."

Mume wangu na mimi tukauhamisha hadi kwenye korido, ambako tulilazimika kuondoa mabango mengine mawili kumpa nafasi. Mama alisimama akitoa maagizo, kisha akanyoosha mkono, akashika kitasa cha shaba ambacho hakikuwa tena na kabati la kufungua, akakizungusha, akakiacha. Akasema atakunywa chai, sukari kidogo.

Wakati namimina, simu yangu ililia kwenye meza. Ulikuwa mnada wa Osaka unakaribia kufungwa. Nilijaribu kuigeuza, lakini alikuwa ameshaona mwanga.

"Nani huyo?"

Nilimwonyesha. Mwanamke kwenye gati lililolowa mvua, ndoano ya kubebea mizigo mkononi, macho yamekazwa. Nilikuwa nimemfuatilia siku kadhaa, na moyo ulikuwa umeanza kudunda vilevile kama kawaida. Mama alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Huyu hapana," alisema. "Huyu amekasirika kwa sababu ameambiwa akasirike. Ngoja, hii inasongeshwa vipi? Na kidole?"

Nilimfundisha. Mnada ukafungwa tukiwa tumempita yule wa gati, akaenda kwa mtu mwingine, na sikuwa na nafasi ya kukasirika kwa sababu mama alikuwa tayari amefika mbali, akiwakataa mmoja baada ya mwingine: huyu mwembamba sana, huyu pikipiki si yake, huyu anaogopa. Mume wangu alivuta kiti akakaa nyuma yetu. Chai ikapoa. Chini barabarani dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena.

"Mwambie angoje," mama alisema, bila kuinua macho. "Hapa bado hatujapata mtu."